Kuona, Kuonea na Kweli: Pango la Plato, Riwaya ya Distopia na Mkusanyiko wa Same wa Mwaka 1945

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi linganishi imekuwa desturi kuliweka pango la Plato kando ya riwaya za karne ya 20 zinazosawiri jamii ambamo dola imetwaa hata mamlaka ya kuamua lipi ni kweli na lipi ni uongo. Riwaya za namna hiyo huitwa za distopia, yaani zinazochora dunia iliyoharibika huku wenyeji wake wakiambiwa kuwa ndiyo dunia njema kuliko zote. Ulinganishi huo una manufaa, lakini kwa kawaida huanzia Athene na kuishia London, kana kwamba suala la kuona na kweli halijapata kuwakosesha usingizi watu wa mahali pengine.

Mhadhara huu unaifuata njia hiyo iliyozoeleka, kisha unaiendeleza hadi mahali ambapo haijazoea kufika: Milima ya Upare na mji wa Same, ulio chini yake katika tambarare kavu. Huko, mnamo Januari 1945, maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani wakaikabili serikali ya kikoloni kwa sababu ya kodi iliyoitwa mbiru. Tukio hilo hutajwa zaidi katika vitabu vya historia ya siasa. Hapa linachukuliwa kama tukio la kifalsafa na la kilugha pia.

Swali linaloongoza mjadala ni hili: nani mwenye mamlaka ya kusema kuwa kilichoonekana ndicho kilichopo? Hoja inayotetewa ni kwamba Plato huliweka swali hilo mbele ya mtu mmoja na akili yake. Mwandishi wa distopia huliweka mbele ya mtu mmoja na dola. Nao Wapare wa mwaka 1945 waliliweka mbele ya jamii nzima na maneno yake. Tofauti hiyo ya tatu ndiyo inayostahili kuzingatiwa zaidi na wanafunzi wa Kiswahili.

2.0 Kitenzi "ona" na jamaa zake

Kabla ya kuwaendea Wayunani, ni vyema kuisikiliza lugha yenyewe. Katika Kiswahili, kitenzi "ona" hakiishii machoni. Mtu huona njaa, huona baridi, huona haya, huona uchungu. Mtu akiulizwa shauri lake hujibu, "Naona afadhali tusubiri," na hapo kuona kumekwisha kuwa kufikiri. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili hutumia kitenzi kimoja kwa mambo ambayo falsafa ya Ulaya imejitahidi kwa karne nyingi kuyatenga: hisi ya mwili, hali ya moyo na hukumu ya akili.

Aidha, mnyambuliko wa kitenzi hiki unatoa fundisho. "Onyesha" ni kumwezesha mwingine kuona. "Onya" ni kumtahadharisha. Lakini "onea", licha ya kutumika katika kumwonea mtu huruma au wivu, ikisimama peke yake humaanisha kumdhulumu. Na kutokana nayo yamepatikana maneno "mwonevu" na "uonevu". Lugha yenyewe inashuhudia kuwa jicho la mtu mwenye nguvu, likielekezwa kwa asiye na nguvu, linaweza kugeuka kuwa chombo cha dhuluma. Wazo hilo litahitajika mbele.

Kwa upande wa kweli, Kiswahili kina "kweli" na "ukweli", na pia kina "haki", "hakika" na "hakiki", ambayo yote matatu yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Katika jamaa hii, lililo thabiti na lililo la halali hukaa nyumba moja. Anayenyimwa hakika yuko karibu kunyimwa haki.

3.0 Pango na upepo: Plato juu ya kuona

Katika sura ya saba ya kitabu chake cha Jamhuri, Plato anamweka Socrates kusimulia habari za watu waliofungwa miguu na shingo ndani ya pango tangu utotoni. Nyuma yao unawaka moto. Kati ya moto na wao wanapita watu wamebeba sanamu za vitu. Nao wafungwa, wasioweza kugeuka, huona vivuli tu ukutani na kuvidhania kuwa ndivyo vitu vyenyewe. Mmoja akifunguliwa na kuburutwa hadi nje, macho humuuma, kisha huzoea, na mwisho huweza kulitazama jua. Akirudi kuwaarifu wenzake, wao humcheka. Na lau wangeweza kumkamata anayewafungua, wangemuua. Msomaji wa kale hakuhitaji kuelezwa zaidi, kwani Socrates mwenyewe aliuawa kwa hukumu ya wananchi wenzake mwaka 399 K.K.

Mambo matatu katika kisa hiki yana umuhimu kwa mjadala huu. Kwanza, wafungwa si wajinga; wanashindana kwa ustadi kutabiri kivuli kipi kitafuata. Pili, ukweli upo nje, nao hautegemei kama kuna mtu anayeutazama. Tatu, anayetoka hutoka peke yake.

Katika mazungumzo mengine, yaitwayo Theaetetus, Plato anaipima rai isemayo kuwa kujua ni kuhisi, na anaihusisha na Protagoras, aliyeshikilia kuwa binadamu ndiye kipimo cha mambo yote. Mfano unaotumika humo ni upepo: upepo huo huo mmoja humpata mtu akaona baridi, na mwenzake asione. Mfano huo haungekuwa mgeni kwa mkazi wa Same. Anayeteremka kutoka Chome, kwenye misitu ya mlima Shengena wenye urefu wa zaidi ya mita 2,400, hufika Same akaona joto. Anayetoka nyika ya Mkomazi akipanda Chome saa hiyo hiyo huona baridi. Wote wawili husema kweli kuhusu miili yao. Jibu la Plato ni kwamba kutokana na hilo haifuati kuwa kila rai ni sawa na nyingine. Mgonjwa na tabibu wakitofautiana juu ya homa itakayokuja kesho, kesho yenyewe itaamua. Mazungumzo hayo yanamalizika bila kupata fasili ya ujuzi, lakini yanaacha kanuni yenye uzito: kuna mambo ambayo kipimo chake hakimo ndani ya mpimaji.

4.0 Distopia: pango lisilo na nje

Riwaya ya distopia hulichukua pango hilo na kuliziba mlango. Katika riwaya ya Yevgeny Zamyatin iitwayo Sisi, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1924 na kuzuiwa nchini mwake kwa miongo mingi, nyumba za mji ni za kioo ili kila mtu aonekane. Katika Brave New World ya Aldous Huxley ya mwaka 1932, raia hawafungwi kwa minyororo. Hutulizwa kwa raha na dawa hata wasione haja ya kuuliza. Katika 1984 ya George Orwell, iliyochapishwa mwaka 1949, Winston Smith ameajiriwa na Wizara ya Ukweli, na kazi yake ni kuyaandika upya magazeti ya zamani ili daima yakubaliane na kauli ya leo ya Chama. Mwishoni anateswa huku akionyeshwa vidole vinne na kutakiwa avione vitano.

Tofauti na pango la Plato iko hapa. Wabeba sanamu wa Plato hawana habari na jua. Wanaendesha maonyesho yao tu. Watawala wa Orwell wanajua vizuri kuwa nje ipo, na ndiyo maana wanaipiga vita. Hawatosheki na mfungwa kusema kuwa vidole ni vitano. Wanataka avione hivyo. Kwa namna hiyo, rai ya Protagoras inarudi ikiwa imegeuzwa: kipimo cha mambo yote si tena binadamu, ni Chama. Chombo kikuu cha mageuzi hayo ni lugha. Maneno hupunguzwa mwaka hadi mwaka ili wazo la uasi likose neno la kulibeba, na majina ya kale hubandikwa mambo yaliyo kinyume chake.

Hata hivyo, ulinganishi wa haki hauwezi kumfanya Plato kuwa upande mmoja na distopia upande mwingine. Jamhuri hiyo hiyo yenye pango inaruhusu watawala wawaambie raia uongo wenye manufaa, na inawafukuza washairi wasiokubali kudhibitiwa. Karl Popper, katika kitabu chake juu ya jamii huru na maadui zake, alimshutumu Plato kwa kuweka misingi ya utawala wa kiimla. Wapo waliomjibu kuwa alikisoma Kiyunani kwa hasira za vita. Vyovyote iwavyo, tahadhari inabaki: anayedai kuwa yeye peke yake ameliona jua anaweza kuwa mkombozi, na anaweza kuwa mwonevu.

Kitabu hicho cha Popper kilitoka mwaka 1945. Mwaka huo huo Orwell alichapisha Animal Farm. Na mwaka huo huo, miezi kadhaa kabla ya vitabu hivyo kusomwa na watu, Wapare walikuwa wamekwisha kukusanyika Same.

5.0 Mapokezi katika Kiswahili

Fasihi ya Kiswahili haikubaki nje ya mazungumzo haya. Mwaka 1967 ilichapishwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Animal Farm iliyofanywa na Fortunatus Kawegere. Ulikuwa mwaka wa Azimio la Arusha, na wasomaji walipewa kisa cha wanyama waliopindua utawala wa mwenye shamba, kisha wakaona amri zilizoandikwa ukutani zikibadilika kimyakimya, neno moja baada ya jingine. Fundisho la ukuta huo linakwenda sambamba na ukuta wa Plato. Tofauti ni kwamba wanyama waliwahi kuyaona maandishi ya mwanzo. Wanachonyang'anywa ni kumbukumbu.

Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, alilichimba suala hilo kwa kina zaidi. Katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, alijadili falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi. Riwaya zake fupi Nagona (1990) na Mzingile (1991) zinaivunja kawaida ya masimulizi ya kihalisia na kumweka msomaji katika msako wa kweli usiokuwa na ramani. Ukweli humo haufananishwi na jua lililotulia mahali pamoja; unafuatwa, unaonekana mara moja, kisha unatoweka.

Nchini Kenya, Katama Mkangi katika Walenisi (1995) anamtoa Dzombo kutoka nchi ya dhuluma kwa chombo kilichokusudiwa kumuua, na kumfikisha katika jamii ya usawa ambayo jina lake, likikatwa vizuri, husomeka "wale ni sisi". Kyallo Wadi Wamitila katika Bina-Adamu! (2002) anachora ulimwengu ulioharibiwa na nguvu zinazojificha nyuma ya sura za kitoto. Jambo linalojitokeza katika kazi hizi ni kuwa swali la kuona linafungamana na swali la ukoloni na urithi wake. Ndiyo sababu inafaa kurudi kwenye kisa chenyewe cha kikoloni.

6.0 Mbiru: jicho la mkadiriaji

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, utawala wa Wilaya ya Pare ulianzisha kodi ya ngazi, iliyoongezwa juu ya kodi ya kawaida ya kiwango kimoja. Kiasi cha kulipwa kilitegemea makadirio ya mali ya kila mtu. Kwenye karatasi mpango huo ulionekana wa haki, kwa kuwa mwenye kingi angetoa kingi. Nao ulipewa jina la mbiru, ambalo lilikuwa jina la ushuru wa jadi uliotolewa kwa watawala wa Kipare kabla ya ukoloni. Habari hizi zilichunguzwa kwa kina na mwanahistoria Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare na mmoja wa waasisi wa taaluma ya historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hasa katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1971.

Mambo mawili ya kifalsafa yalikuwa yamejificha katika mpango huo. La kwanza ni makadirio. Mkadiriaji hutazama boma la mtu, mifugo na mashamba, kisha huandika tarakimu. Na tarakimu hiyo ikishaandikwa huwa ndiyo mali ya mtu, hata kama zizi linasema vingine. Ng'ombe aliyewekwa kwa mtu kwa kutunzwa, kama ilivyo desturi katika jamii nyingi za wafugaji na wakulima, anaonekana zizini kama wa mwenye zizi. Jicho haliwezi kuona mkataba. Hapa ndipo kuona kunapogeuka kuonea. Upepo wa Theaetetus uliruhusu kila mtu kushuhudia mwili wake; makadirio yaliruhusu mtu mmoja kushuhudia maisha ya mwingine, na ushuhuda wake ukawa sheria.

La pili ni jina. Neno la jadi lililobeba uhusiano kati ya watu na watawala wao, wenye wajibu wa pande zote mbili, lilibandikwa kwenye daftari la kodi ya mkoloni. Huo ni uongo wa aina ya pekee, kwa kuwa hakuna sentensi iliyotamkwa ambayo mtu angeweza kuikanusha. Ni uongo uliomo ndani ya nomino. Miaka michache kabla Orwell hajaielezea lugha ya Wizara ya Ukweli, wakulima wa milimani walikuwa wamekutana na mbinu iyo hiyo, nao waliitambua.

Januari 1945 maelfu ya watu kutoka sehemu mbalimbali za milima waliteremka hadi Same, yalipokuwa makao makuu ya wilaya, wakitaka mbiru iondolewe. Miongoni mwa viongozi wa upinzani alikuwa Paulo Mashambo. Mvutano uliendelea kwa muda mrefu, na baadaye wanawake, hasa wa Usangi, nao walijitokeza hadharani. Hoja ya wapinzani haikuwa kukataa kodi zote, walikataa kukadiriwa. Hatimaye mfumo huo uliachwa, na kodi ya kiwango kimoja ikashika nafasi yake.

Kinachofaa kuangaliwa ni namna walivyotoka pangoni. Mfungwa wa Plato anaburutwa peke yake, na akirudi hachukuliwi kuwa mkweli. Winston anaandika shajara yake peke yake, na upweke huo ndio unaomwangamiza, maana asiye na shahidi wa pili hatimaye hushuku macho yake mwenyewe. Watu wa Same walikuwa na mashahidi. Kila aliyekaa pale alijua zizi la jirani yake, na alijua neno mbiru lilivyotumika kwa babu zake. Daftari lilikuwa moja, na waliolikanusha walikuwa maelfu.

Haifai, hata hivyo, kuigeuza historia hii kuwa ngano. Kodi ya kiwango kimoja iliyorudi ilikuwa ya kikoloni vilevile, na kwa hesabu kavu ilimbana fukara kuliko tajiri. Machifu waliohusika katika kuitekeleza mbiru walikuwa Wapare, nao walijua maana ya jina hilo. Wingi wa watu peke yake si dalili ya kweli. Wafungwa wa pangoni nao ni wengi. Kilichowapa nguvu wapinzani ni kwamba walishuhudia mambo waliyoyajua kwa maisha yao, na kila mmoja aliweza kusahihishwa na mwenzake.

7.0 Kivuli na simulizi

Pango lenyewe lina maana nyingine Upare. Katika milima ya Mbaga, Upare Kusini, kuna mapango ya Mghimbi, ambayo husimuliwa kuwa watu walijificha humo kuwakwepa wateka watumwa katika karne ya 19. Kwa waliojificha, nje palikuwa na mnyororo na ndani palikuwa na uhuru. Vivyo hivyo, neno "kivuli" katika Kiswahili hutaja taswira isiyo na kiini, na pia hutaja mahali pa kupumzikia jua kali. Kwa mpita njia wa Same, maana hii ya pili ni neema. Taswira za Plato zilizaliwa katika mazingira yake, na anayezitafsiri hana budi kuuliza giza lilimaanisha nini kwa watu anaowatafsiria.

Suala la kumbukumbu nalo linahitaji tahadhari ya namna hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya siasa ya Wapare, Kimambo alitegemea kwa kiasi kikubwa masimulizi ya koo. Hapakuwa na magazeti ya kale ya kuchomwa, wala Wizara ya kuyarekebisha. Lakini masimulizi hayana usalama wa kudumu. Huko Ugweno, kwa mfano, Wasuya waliwaondoa madarakani Washana, ukoo wa wahunzi, na walioshika utawala ndio waliopata nafasi kubwa ya kusimulia jinsi walivyoupata. Dawa aliyoitumia mwanahistoria ni kuyakutanisha masimulizi ya koo mbalimbali, zilizoshinda na zilizoshindwa, na kuyapima moja kwa jingine. Ni kanuni ile ile ya Same: shahidi mmoja hatoshi.

8.0 Hitimisho

Ulinganishi huu umeonyesha ngazi tatu. Plato alifundisha kuwa kuonekana si sawa na kuwa, na kwamba kipimo cha baadhi ya mambo kiko nje ya mpimaji. Waandishi wa distopia waliongeza kuwa wapo wanaoweza kupanga watu wasione, na kwamba hufanya hivyo kwanza kwa kuvuruga maneno na kumbukumbu. Kisa cha mbiru kinaongeza kuwa watu wa kawaida, wakiwa na lugha yao na mashahidi wenzao, wanaweza kuutambua uvurugaji huo kabla falsafa haijaupa jina.

Kuna jambo hapa linalowahusu moja kwa moja wanafunzi na wataalamu wa lugha. Chasu, lugha ya Wapare, na Kigweno, jirani yake chenye wasemaji wachache zaidi, zinaendelea kubanwa na Kiswahili, kama ambavyo Kiswahili nacho hubanwa na Kiingereza katika madarasa ya sekondari na ya chuo. Lugha inapofifia, hupotea pia uwezo wa kusema, "Hilo silo neno letu, neno letu lilimaanisha hivi." Uwezo huo ndio uliowawezesha watu wa mwaka 1945 kuikataa nomino pamoja na kodi yake. Kukusanya msamiati wa ushuru, mifugo, amana na mashauri katika lugha hizo ni kazi ya isimu, na ni kazi ya ulinzi pia.

Kazi ya mhakiki nayo inatazamika upya. Neno "uhakiki" limetoka katika mzizi ule ule wa "haki" na "hakika". Mhakiki wa fasihi huchukuliwa mara nyingi kama mtu wa kusifu na kukosoa mtindo, ilhali jina lake linamdai zaidi: aulize neno limetumika kwa nani, limetoka wapi, na nani analipwa kwa kulitumia hivyo. Wakulima waliokaa Same mwaka 1945 waliliuliza swali hilo kuhusu neno moja, na hawakuondoka kabla ya kulisikilizisha.